Mafuta ya kahawia na kitambi: nikae kwa maji baridi dakika ngapi?

Baridi_Molo: Wadau habari zenu. Niko Molo na mnajua baridi ya huku asubuhi vile inakata. Nimesoma mwilini kuna mafuta ya kahawia, ukisikia baridi yanachoma sukari na mafuta mengine yatoe joto, sasa mimi nina kitambi na dramu nishanunua, nataka niwe naingia saa kumi na moja asubuhi. Swali ni moja tu, dakika ngapi? Msinitusi.

MamaPacha: Punguza ugali wa usiku. Mimi nilipungua hivyo, ingawa ukweli ni kunyonyesha mapacha ndiko kulinimaliza.

Sista_wa_Wodi: Yapo kweli. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri, mafuta ya katikati ya mabega ndiyo hita yake. Baridi ikiingia neva zinamwaga noradrenalini, kemikali ya kuyaamsha hayo mafuta, na mitokondria za hapo, yaani vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, zinaachia joto badala ya kuweka nguvu akiba. 2009 yalithibitishwa kwa watu wazima pia, shingoni na juu ya mtulinga, lakini ni kidogo sana, na kitambi si hayo. Una ugonjwa wowote?

Baridi_Molo: Sina sista. Dakika ngapi?

Nguruwe_Elburgon: Nguruwe hawana hayo mafuta kabisa! Ndio maana watoto wao wanalaliana wakitetemeka. Juzi stima ilipotea usiku, taa yao ikazima, asubuhi nikapata wawili wamekauka na mama yao anakoroma tu.

Sista_wa_Wodi: Pole. Molo, nimeuliza ugonjwa.

Baridi_Molo: Sawa, presha, lakini kidogo. Nameza propranolol, nikasoma inazuia hiyo noradrenalini isifike kwa mafuta, so nimeiacha kwanza. Kichwa kinauma asubuhi tu. Na kitambi kikiisha si presha itashuka yenyewe?

Sista_wa_Wodi: Hiyo dawa haiachwi ghafla, moyo unaweza kukugeuka. Na maji baridi yanabana mishipa, presha inapanda papo hapo. Kesho kliniki, na dramu uiache.

Jirani_Kondele: Ngojeni. Huyu si ndiye juzi alikuwa anatuuzia feni hapa Kisumu akilia joto? Baridi ya Molo ameijulia wapi? Hii stori imetungwa.

Baridi_Molo: Nilihama bana! Nitume picha ya dramu?

MamaPacha: Dramu ya nini, tuma picha ya vidonge.

Nguruwe_Elburgon: Kama ni stori ya kutunga sawa, lakini dramu ikiwepo mimi naichukua. Ni lita ngapi na bei gani?