Ashramu kwa anayekwenda India vijijini mara ya kwanza: Sevagram, Tiruvannamalai au Neyyar Dam?

Mwanga_wa_Lindi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe ashramu (makao ya ibada na mafunzo ya kiroho) tatu kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga India na anataka kuona kijiji, si Delhi wala Mumbai. Ana wiki mbili, mwezi Januari. Si Mhindu na hajawahi kufanya yoga. Zilizo mezani ni Sevagram karibu na Wardha (Maharashtra), Sri Ramanasramam iliyo Tiruvannamalai (Tamil Nadu), na ile ya Sivananda pale Neyyar Dam (Kerala). Ipi inamfaa nani, na mgeni hukwama wapi? Tupeane mambo ya vitendo: ratiba, chakula, usafiri, choo.

Kikoi_Cheupe

Mkuu, hizo tatu zinafanana jina tu. Neyyar Dam inakuendesha kwa kengele kutwa nzima. Ramanasramam inakupa chumba, chakula na utulivu, mengine ni juu yako. Sevagram ni mahali pa sala na kazi za mikono, kijijini hasa. Chagua kwa ratiba, mandhari baadaye.

Neyyar Dam ilianzishwa mwaka 1978 na Swami Vishnudevananda, mwalimu wa yoga. Siku ya kawaida huenda hivi, nikihesabu saa zetu za Kiswahili (ukisoma ubao wao, 5:20 ni saa 11:20 alfajiri, usije ukachanganya): kengele saa 11:20, saa 12 satsangi, yaani kutafakari kimya, nyimbo za kuitikiana na mawaidha, chai, saa 2 yoga, saa 4 mlo wa kwanza, saa 5 kazi ya kujitolea, kama kufagia au kupakua chakula, saa 8 mhadhara, saa 10 yoga tena, saa 12 jioni mlo wa pili, saa 2 usiku satsangi nyingine, kisha kulala. Kuhudhuria ni lazima. Ukikosa, utaulizwa.

Wengi hudhani viungo ndivyo vitakavyowashinda. La, ni tumbo na kichwa. Milo ni miwili tu, na hakuna nyama, samaki, mayai, vitunguu wala vitunguu saumu. Mtu aliyezoea vikombe vitatu vya kahawa ataumwa kichwa siku ya pili na ya tatu, kisha ataisingizia yoga. Aanze kupunguza wiki nzima kabla ya safari. Mzunguko mpya wa masomo huanza tarehe 1 na 16 za kila mwezi. Akifika katikati atakuta wenzake wameshapita mazoezi ya msingi ya kupumua.

Kufika ni rahisi kuliko zote: unashuka Thiruvananthapuram, unavuka barabara kutoka stesheni ya reli hadi kituo cha mabasi cha Thampanoor, unapanda basi la KSRTC (shirika la mabasi la serikali ya Kerala) la Neyyar Dam. Ni kilomita 30 hivi.

Reli_na_Ramani

Nawasemea Sevagram, maana ndicho kijiji kati ya hizo tatu. Gandhi alihamia pale mwaka 1936, kijiji kikiitwa Shegaon. Barua zake zilikuwa zikipotelea Shegaon nyingine iliyo kwenye njia ya reli, ndipo mwaka 1940 jina likabadilishwa kuwa Sevagram, kijiji cha huduma. Hilo lina maana hadi leo: ukikuta maandishi ya zamani yanasema Shegaon, usikate tiketi ya stesheni ya Shegaon, kwani utashuka mbali sana kabla ya Wardha.

Mtego wa pili ni stesheni mbili. Treni za Mumbai kwenda Nagpur husimama Wardha Junction (alama WR). Treni za njia ya Delhi kwenda Chennai husimama Sevagram (SEGM). Kutoka Wardha hadi ashramu ni kilomita 8, kwa bajaji. Januari pitia Mumbai badala ya Delhi, kwa sababu ukungu wa kaskazini huchelewesha treni kwa saa nyingi mwezi huo.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na behewa la 3A linatosha: lina kiyoyozi, vitanda vya ngazi tatu, na unapewa shuka na blanketi. SL, behewa la vitanda lisilo na kiyoyozi, ni rahisi zaidi, lakini blanketi ni lako na vumbi ni lako. Angalia hali ya tiketi: CNF ni kitanda chako, RAC ni kukaa wawili kwenye kitanda cha pembeni, WL ni foleni, na ikibaki WL baada ya orodha kupangwa, tiketi ya mtandaoni inajifuta na huruhusiwi kupanda. Usiende stesheni na WL ukitegemea huruma ya kondakta.

Ashramuni penyewe hakuna wa kukuburudisha. Kuna sala ya alfajiri na ya jioni uwanjani, na vibanda vya enzi ya Gandhi. Ingia Bapu Kuti, kibanda alichoishi Gandhi, taratibu: kuta za udongo, mianzi, paa la vigae, sakafuni mkeka na meza ndogo ya kuandikia. Ukikaa pale dakika kumi mchana unaelewa kwa nini nyumba ya udongo ina ubaridi wakati nje panawaka. Januari hali ya hewa ni nzuri. Mei usithubutu, joto hupita nyuzi 45.

Binti_Saidi

Jamani, mbona hamjagusa la dini? Si Mhindu, na wasomaji wengi humu ni Waislamu na Wakristo. Neyyar Dam satsangi ni lazima, na ina nyimbo za miungu ya Kihindu na arati, ile ya kuzungusha taa mbele ya picha. Asiyeweza kukaa hata kama msikilizaji asiende, atasumbuka na kuwasumbua wengine. Ramanasramam hakuna anayekuhesabu. Ukumbi wa kutafakari uko wazi, unakaa kimya na moyo wako. Sevagram sala ni za dini zote kama Gandhi alivyozipanga, na aya za Kurani zimo. Kwa anayejali jambo hilo, mimi ningesema Sevagram bila kusita.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, suruali pana, na mtandio. Kanga mbili hufanya kazi nyingi: shuka la treni, pazia la kubadilishia nguo, kitambaa cha kukalia. Wanaume wachukue kikoi, huvaliwa kama mundu, vazi la kiunoni la wanaume wa Kerala. Cheupe ndicho cha heshima, chenye rangi ni cha nyumbani. Na mjue, mahekalu mengi ya Kerala hayaruhusu asiye Mhindu kuingia ndani. Usibishane mlangoni.

Kikoi_Cheupe

Dada, hapo kwenye dini umenena. Narekebisha jibu langu: Neyyar Dam ni kwa anayetaka kufundishwa na asiyekwazwa na nyimbo hizo.

Mguu_Peku

Ramanasramam imesahaulika. Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho ambaye ashramu imepewa jina lake, alifia pale tarehe 14 Aprili 1950, chini ya mlima Arunachala. Chumba na chakula havina bei, unatoa sadaka unayoweza. Lakini huwezi kujitokeza tu getini: unaomba kwa maandishi mapema, na mgeni wa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa siku 3. Kwa hiyo huwezi kumaliza wiki mbili zote ashramuni. Siku zilizobaki utapanga chumba mtaani. Januari ina matatizo mawili. Jayanti ya Ramana, yaani sherehe ya kuzaliwa kwake, huangukia Desemba au Januari, vyumba hujaa. Halafu Pongal, sikukuu ya mavuno ya katikati ya Januari, Tamil Nadu nzima iko barabarani. Kutoka Chennai ni saa nne hadi tano kwa basi, na mabasi mengi ya kusini sasa huanzia Kilambakkam, si Koyambedu kama ramani za zamani zinavyoonyesha.

Niseme kweli, si kijijini. Tiruvannamalai ni mji, na honi za barabara kuu zinasikika hadi getini. Kijiji utakionja ukizunguka mlima, kilomita 14 peku. Anza saa 10 alfajiri, maana kuanzia saa 3 lami inaunguza nyayo. Usiku wa mwezi mpevu umati ni mkubwa mno kwa mgeni.

Chakula ni sakafuni, juu ya jani. Nyunyiza maji, lipanguse kwa mkono wa kulia. Mpakuzi anapita upesi: wali, sambari (mchuzi wa dengu na mboga), kisha rasamu, supu ya viungo iliyo nyepesi kama maji. Hapo ndipo wageni wanapochafuka. Kabla hajafika, bonyeza wali katikati uwe kisima, rasamu iingie humo, uchanganye haraka. Ukishiba, funika jani kwa kiganja bila kuligusa na useme "podhum", imetosha. Ukichelewa, ameshapakua, na kuacha chakula ni aibu.

Mhudumu_Afya

Cheti cha homa ya manjano ni muhimu kuliko vyote mlivyotaja. Anayetoka au kupitia Kenya, Uganda, Burundi au Congo bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja wiki ya safari ni kazi bure. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Entebbe naye awe nacho mkononi, si kwenye begi la chini.

Maji: kunywa ya chujio la ashramu au chupa ambayo lakiri haijakatwa. Mswakini pia. Ukiharisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Mwone daktari choo kikiwa na damu, au homa ikiambatana. Vyoo ni vya kuchuchumaa, na ndoo na kopo. Wa pwani hana la kujifunza hapo.

Mwanga_wa_Lindi

Asanteni sana. Viza, pesa na simu je?

Reli_na_Ramani

Viza ya kielektroniki ya utalii ya siku 30 inatosha, na inaruhusu kozi fupi ya yoga. Omba kwenye tovuti ya serikali peke yake, inayoishia na gov.in, za kuiga ni nyingi. Fomu itadai jina na anwani ya mwenyeji India: weka ya ashramu, kwa hiyo pata uthibitisho wa chumba kwanza. Chapisha nakala nne za pasipoti na viza. Ashramu inawajibika kukuandikisha serikalini ndani ya saa 24 kwa Fomu C, na duka la laini ya simu litataka nakala za pasipoti na viza.

Pesa: vijijini wenyeji hulipa kwa simu, mgeni hutegemea noti. Badili ukiwa mjini, omba za rupia 50 na 100, na kataa iliyochanika kwa sababu hutampata wa kuipokea. Noti za 2,000 ziliondolewa mwaka 2023. Ukisikia "laki", ni laki ile ile yetu.

Plagi yetu ya meno bapa haiingii. Wao wanatumia meno ya duara. Nunua adapta kabla ya kuondoka mjini.

Mguu_Peku

Na usiunganishe Sevagram na za kusini ndani ya wiki mbili, siku za treni zitakula safari. Ama Sevagram yenyewe pamoja na Paunar, ashramu ya Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, iliyo karibu kando ya mto Dham, ama Neyyar Dam kuanzia tarehe 16, siku kuu yenyewe ya Pongal ikiwa imepita.

Mwanga_wa_Lindi

Basi ni Sevagram, kupitia Mumbai, 3A hadi WR. Nahesabu siku 60 nyuma nijue tiketi zinafunguliwa lini.