Draiva inailaza skana ya bakodi kimyakimya, inameza tarakimu, na lawama anabeba muuzaji

Wakuu, salaam. Nimekasirika na sitaficha.

Nina duka la rejareja Morogoro. Wiki tatu mfululizo hesabu za jioni hazikufunga. Leo pungufu elfu nne, kesho elfu saba. Binti wa kaunta kila siku jibu lake ni lile lile: "Bosi, skana inalia lakini kompyuta inasema bidhaa haipo, nachagua kwenye orodha kwa mkono." Kwa mkono, foleni imesimama, mtu anachagua mafuta ya nusu lita badala ya lita moja. Sikumwamini. Nilimfokea mbele ya wateja na kumkata 15,000 kwenye mshahara.

Nimemrudishia hela yake na nimemwomba radhi. Lakini nataka watengenezaji wa hizi skana wajue walichonifanyia.

Fundi wa kwanza akasema ni waya. Nikanunua waya. Wa pili akasema tundu la USB limelegea, akahamishia la nyuma. Wote wawili walijaribu kwa mtindo mmoja: wanapiga bakodi mara kumi mfululizo, mara zote kumi safi, wanachukua hela yao wanaondoka. Asubuhi mteja wa kwanza anakuja na maji, tatizo limerudi.

Jumapili nilikaa mwenyewe. Nikafungua Notepad, programu ya kuandikia ya Windows, nikaiacha skana kama dakika kumi bila kuigusa, nikapiga chupa ya maji. Ikalia vizuri kabisa, taa ikawaka. Kwenye skrini: tarakimu 10. Nikapiga tena chupa ile ile: tarakimu 13. Zilizopotea mara ya kwanza ni 620, yaani zile tatu za mwanzo zinazoonyesha kwamba bakodi imesajiliwa Tanzania. Nikarudia mara sita, na kila ilipopumzika ilimeza mwanzo.

Kwa asiyejua, skana hizi kompyuta inaziona kama kibodi. Ikisoma bakodi, ni kama inazichapa tarakimu upesi upesi. Na Windows kwa kawaida haikilazi yenyewe (yaani haikipumzishi ili kuokoa umeme) kifaa cha USB cha aina hii. Mtengenezaji ndiye anayeomba, mara nyingi kwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio linalokuja na draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Ukisakinisha, mstari ule unaandika kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, thamani inayoitwa SelectiveSuspendEnabled. Kuanzia hapo kifaa kikikaa kimya kidogo, kinalazwa. Mimi nilisakinisha draiva kutoka kwenye CD ya boksi, na hakuna mahali iliponiuliza.

Nikaenda Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikafungua kichupo cha Power Management cha kifaa kile, na kisanduku kinachoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme kilikuwa na tiki. Nikaitoa. Tatizo likaisha palepale.

Ila ukihamisha skana tundu lingine, tiki inarudi! Skana yangu haina namba yake ya kipekee ndani, kwa hiyo kwenye kila tundu jipya Windows inaihesabu kuwa kifaa kipya na kuanza na mipangilio ya draiva upya. Kwa hiyo hata kama fundi wa pili angeitoa ile tiki kabla ya kuhamisha, angekuwa amejirudisha mwanzo.

Sasa niambieni, umeme gani huo unaookolewa? Tundu la USB 2.0 linatoa milliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5 kifaa kikinywa mpaka mwisho, na skana iliyotulia hainywi kiasi hicho. Feni iliyo juu ya kichwa changu imeandikwa wati 70. Kompyuta yangu ni ya mezani, imechomekwa umeme wa ukutani, haina betri. Kwenye laptop naelewa: kifaa cha USB kisicholala kinaweza kuizuia prosesa kupumzika vizuri, na betri inaumia. Basi waiweke kwa wenye laptop, na waulize kwanza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kulala kwenyewe si kosa. Kuamka kwa USB ni jambo la milisekunde: 20 za ishara ya kuamsha na 10 za kujiweka sawa. Skana ilitakiwa kuzishika tarakimu zake mpaka kompyuta iamke, kisha izitume. Tarakimu kumi na tatu tu! Mtengenezaji ameshindwa kuweka nafasi ya kuzihifadhi, halafu akawasha usingizi kwenye draiva, na akaacha skana ilie kana kwamba kazi imekamilika. Muuzaji anausikia ule mlio, anauamini. Kampuni niliyonunua kwayo nimeipigia mara mbili, jibu lao: "Badilisha waya."

Wenye maduka, kesho kabla wateja hawajaingia fanyeni hivi. Iacheni skana dakika kumi, fungueni Notepad, pigeni bidhaa yoyote inayoanza na 620, hesabuni. Zikiwa chini ya 13, wekeni hapa picha ya kibandiko cha chini ya skana yenu. Na kama kuna mtu amekatwa mshahara kwa ajili ya hili, mrudishieni.