Mtaa "una maji" kwenye taarifa, wakazi wanasema hawana: ramani gani itaonyesha?

Mwl_KidatoChaTatu
Wakuu, salaam. Klabu ya jiografia: wanafunzi 24, simu janja 6, bajeti ni nauli tu. Tunataka kupima upatikanaji wa maji kwenye mtaa mmoja wa Dar ambao haujapimwa viwanja na unakatwa katikati na korongo. Kwenye taarifa mtaa unahesabiwa kuwa na maji kwa sababu una magati 5 (vituo vya umma vya kuchotea maji). Wakazi wanakataa. Tuchore nini ili ijulikane nani mkweli? Isiwe kazi ya kubandikwa ukutani tu.

KokiNaDumu
Mwalimu, huenda wote ni wakweli. Gati lipo, maji hayatoshi. Kuhesabu magati ndiko kunakoficha tatizo.

Rula mnayo tayari. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kwa watu 250. Mtaa wa mjini unaotegemea magati unaweza kupimwa hivyohivyo, ila andikeni wazi kwamba mmeazima kipimo cha vijijini, la sivyo mtakatwa kauli kwenye kikao cha kwanza.

Kila gati chukueni nukta ya GPS, idadi ya koki zinazotoa maji siku hiyo, saa za kufungua na kufunga, bei ya dumu, na sekunde za kujaza dumu la lita 20. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka. Dumu likijaa kwa sekunde 160, koki inatoa lita 7.5 kwa dakika. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250, maana yake koki moja itiririke karibu saa 14 bila hata sekunde ya kubadilisha dumu. Maji yakitoka saa 6 tu, mnapata lita 2,700, za kutosha watu 108.

Nendeni alfajiri pia. Ukifika saa nne asubuhi utaandika "hakuna foleni", kumbe waliopanga madumu toka saa kumi wameshaondoka.

Mchora_Njia
Hapo kwenye mita 400 ndipo ramani nyingi zinadanganya. Watu wanafungua QGIS (programu ya kuchora ramani), wanachora mduara kuzunguka gati, kila nyumba iliyo ndani inahesabiwa imehudumiwa. Kwenye mtaa wenye korongo, nyumba iliyo mita 150 ng'ambo inaweza kulazimika kuzunguka hadi darajani, mita 900, na kurudi na kilo 20 kichwani. Chukueni vichochoro vyote kama mistari kwenye OpenStreetMap (ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri), ongezeni vinavyokosekana, kisha pimeni umbali kwa kufuata njia. Sehemu kubwa ya mitaa ya Dar ilichorwa na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, kwa hiyo huenda msianze na karatasi tupu. Wekeni ramani mbili, ya mduara na ya njia, kwenye ukurasa mmoja. Nyumba zinazotoka kwenye huduma kati ya hizo mbili ndizo hoja yenu.

Makosa ya kawaida: nukta zikiangukia Ethiopia, mmesahau alama ya kutoa kwenye latitudo (Dar ni karibu -6.8). Zikiangukia Hispania, mmegeuza latitudo na longitudo. Mduara ukimeza dunia nzima, programu imesoma 400 kama digrii. Badilisheni kwanza nukta ziende UTM kanda 37 Kusini (mfumo unaopima kwa mita), namba 32737 kwenye programu. Na kati ya mabati simu huyumba, subirini usahihi ushuke chini ya mita 10 kabla ya kuhifadhi.

Mwl_KidatoChaTatu
Nimeelewa, hasa la daraja. Je, tuingie nyumba kwa nyumba kuuliza kipato?

Dada_wa_Takwimu
Kipato acheni, mwalimu. Watu watawadanganya, na wana haki. Ulizeni bei ya maji. Uniti moja ya bili ya maji (lita 1,000) ni madumu 50. Dumu likiuzwa shilingi 100 gatini, uniti ni 5,000. Mwenye mkokoteni akiliuza 300, uniti ni 15,000. Wekeni pembeni bei ya uniti kwenye bili ya nyumba yenye bomba. Aliye mbali na bomba mara nyingi ndiye anayelipa zaidi, na jedwali la mistari mitatu linamaliza ubishi huo.

Msiweke majina wala nukta za nyumba kwenye ramani ya wazi. Mtaa usiopimwa, tena kando ya korongo, ramani ya nyumba inaweza kutumika kuwabomolea haohao mnaowatetea. Jumlisheni kwa shina. Kabla ya kutoka, barua ya shule ifike kwa mtendaji wa mtaa, na kila kundi litembee na mjumbe wa shina. Bila yeye, kijana mwenye simu anayepiga picha koki atadhaniwa mkata maji.

Matokeo yaanzie kwenye mkutano wa mtaa, wakazi wasahihishe kwa kalamu juu ya karatasi ya A1, ndipo yaende kwa diwani na mamlaka ya maji. Ombi liwe moja na dogo: gati la sita ng'ambo ya korongo, au saa 3 zaidi za mgao. Mkipeleka "tunaomba maji" mtajibiwa kwamba magati yapo 5.

KokiNaDumu
Na tarehe ya kupima iandikwe kwenye ramani yenyewe. Mkipima mvua za masika, rudieni Septemba.