Mama hawezi kutamka "chumvi" lakini kasida anaimba hadi mwisho. Kwa nini?

BintiKibirizi:
Habari za jioni wana jukwaa. Niko Kigoma. Mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia wote ukalegea. Namshukuru Mungu mguu umerudi, anatembea na mkongojo. Kilichogoma ni maneno. Huyu ni mama aliyeuza dagaa pale Kibirizi, akapatana bei na Wakongo kutwa nzima bila kuchoka. Leo akitaka chumvi anaionyesha kwa kidole, anafungua mdomo, inatoka "ka... ka... kamba". Anajua kabisa amekosea. Anapiga meza kwa mkono wa kushoto na machozi yanamlenga. Nikimtajia mimi, "Sukari? Maji? Chumvi?", kwenye chumvi anaitikia kwa kichwa haraka haraka.

Sasa juzi kulikuwa na kisomo Ujiji. Akina mama walipoanza kasida, naye akaimba. Beti zote, maneno yote, hakukwama popote. Watu wakanigeukia kana kwamba tumekuwa tukiwadanganya kuhusu ugonjwa wake. Shangazi ndiyo kabisa, anasema ni jini, tumtafutie mtu wa kumtoa. Naombeni mwenye ujuzi anieleze, kichwani kwa mama kuna nini?

MuuguziKasulu:
Pole sana mdogo wangu, na shikamoo yangu imfikie mama. Mwambie shangazi kwa heshima zote kwamba hapo hakuna jini. Hali hiyo inaitwa afasia: sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha imekosa damu ikaumia. Akili yake ipo. Hayo machozi ni ushahidi, maana asiyejua amekosea halii.

Mwaka 1861 daktari Paul Broca, huko Ufaransa, alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne katika hospitali ya Bicêtre. Kwa miaka mingi Leborgne alikuwa akitamka "tan" tu, ingawa mengi aliyoambiwa aliyaelewa. Alipofariki, Broca akaukagua ubongo na kukuta jeraha mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: wanaongea mfululizo, lakini maneno hayashikani, na wanachoambiwa hawakielewi vizuri. Jeraha lao liko nyuma zaidi, usawa wa sikio la kushoto. Kwa maelezo yako mama anaelekea kundi la kwanza. Na upande wa kulia wa mwili kulegea ni sawasawa na hilo, kwa sababu ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia.

Kuhusu kasida: hakudanganya mtu. Kwa watu wengi lugha imeegemea kushoto, ila mahadhi yanategemea sana upande wa kulia, ambao kwa mama haujaguswa. Tena kasida aliyoimba tangu usichana inatoka yenyewe, sawa na kuhesabu moja hadi kumi au kutaja siku za wiki. Kuomba chumvi ni kazi nyingine kabisa: kuchagua neno, kupanga sauti zake, kisha kuuamuru ulimi, vyote kwa mpigo.

FundiRedioMwanga:
Samahani nidakie. Mzee wetu naye alipatwa hivyo, na wageni wote walikuwa wakimpigia kelele. Je, masikio nayo huharibika?

MuuguziKasulu:
Kwa kawaida hapana, kaka. Kila sikio hupeleka habari pande zote mbili za ubongo, hivyo upande mmoja ukiumia sauti bado inasikika. Shida inakuwa kuigeuza sauti kuwa maana. Kelele hazimsaidii, zinamchosha tu. Zima redio, kaa mbele yake, sema sentensi fupi, halafu subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda ndugu wengi.

BintiKibirizi:
Asante sana dada. Nimesoma hadi nikalia. Kwa hiyo kuimba kunaweza kumrudishia maneno?

MuuguziKasulu:
Kuimba kasida peke yake, hapana. Ila kuna tiba iliyotokana na jambo hilihilo, ilielezwa Marekani mwaka 1973. Mgonjwa anaimbishwa sentensi fupi anayoihitaji, kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku ukimgongesha mkono wa kushoto mezani kwa kila silabi. "Na-ta-ka ma-ji." Mnaimba pamoja, kisha wewe unanyamaza katikati amalizie. Akizoea, mahadhi yanapunguzwa taratibu hadi ibaki kauli ya kawaida. Haiwafai wote, na inataka mazoezi ya kila siku, lakini kwa anayeelewa na kushindwa kutamka, mimi ningeijaribu. Waulize hospitali ya rufaa kama wanaweza kukuunganisha na mtaalamu wa tiba ya usemi. Kama mama anakijua Kiha, usimzuie. Lugha yoyote inayotoka ipokee.

Na dawa za presha asiziache hata siku anayojisikia mzima. Anapimwa mara ngapi?

BintiKibirizi:
Kila mwezi, dada. Mwezi uliopita ilikuwa imeshuka vizuri. Kesho asubuhi tunaanza na "nataka chai".