Abaya mashuleni Ufaransa: ni kulinda sheria au ni chuki kwa Waislamu?

Mke wa Mngazija: Wakuu, niko Marseille, nimeolewa na Mngazija, na mji huu Wangazija tumejaa tele. Mtakumbuka Agosti 2023 waziri wa elimu wa huku, Gabriel Attal, alipopiga marufuku abaya kwenye shule za serikali. Siku ya kwanza ya kufungua shule wasichana karibu 300 wakaja nazo vilevile, 67 wakakataa kuvua, wakarudishwa kwao. Sasa binti wa wifi yangu kasimamishwa getini kwa gauni refu jeusi, la duka la kawaida kabisa, lina na mifuko ya pembeni. Mwenzake wa Kifaransa kapita hapohapo na gauni la maua linaloburura chini, hakuulizwa. Nauliza, pale getini inakaguliwa nguo au linakaguliwa jina?

Mzee wa Kinondoni: Dada, ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Dini na serikali walishazitenganisha tangu 1905, nyie hamjafika huko. Na tusijifanye malaika. Zanzibar ukila chapati mchana wa Ramadhani unalala polisi, mbona hilo hatuliiti chuki kwa Wakristo?

Bint Mkunazini: Ikabidi tu uiingize Zanzibar. Nani kakamatwa akila ndani kwake? Watu wanafunga kwenye jua lile, wewe unasimama njiani na chapati na supu unatafuna kwa sauti. Hiyo si njaa, huo ni ufedhuli.

Mzee wa Kinondoni: Kwa hiyo njia ni ya wanaofunga peke yao? 2024 walikamatwa watu kumi na wawili, habari ilifika mpaka BBC. Na mtalii akila hotelini mnamwekea na kitambaa mapajani.

Wakili Njaa: Nirudi kwa dada wa Marseille. Hiyo sheria ya 1905 anayoitaja mzee haitumiki Ufaransa yote. Alsace na Moselle wakati ule zilikuwa mikononi mwa Ujerumani, ziliporudi zikabaki na utaratibu wa zamani wa Napoleon. Mpaka leo serikali inawalipa mishahara mapadri, wachungaji na marabi wa kule. Maimamu hawamo. Halafu sheria ya 2004 ilikataza alama za dini zinazoonekana waziwazi: hijabu, kofia ya Kiyahudi, msalaba mkubwa. Abaya ilikuja kuongezwa na waziri tu, mahakama yao kuu ya mambo ya serikali ikamkubalia. Sasa hapo "sheria moja kwa wote" iko wapi?

Mzee wa Kinondoni: Wakili, Alsace sijui hata iko upande gani. Mimi niko kwenye chapati.

Mvita Damu: Nyinyi mwacheka Ufaransa, na hapa Kenya je? Shule ya Kiwanjani, Isiolo, ya kanisa la Methodisti, wasichana walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Ikaenda mpaka mahakamani na Waislamu wakashinda.

Wakili Njaa: Walishinda Mahakama ya Rufaa 2016. Mahakama ya Upeo ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019.

Mvita Damu: Walishinda, nimesema. Yaliyofuata ni siasa.

Msafiri255: Mimi naona tatizo ni abaya yenyewe. Bibi zetu Tanga walijifunga kanga mbili wakaswali miaka sabini. Abaya imekuja na mizigo ya Dubai juzi tu, leo imekuwa nguzo ya sita.

Bint Mkunazini: Bibi yako akitoka nje alivaa buibui, muulize mama yako. Na hata kama ni fasheni ya Dubai, basi si alama ya dini, Mfaransa anakataza nini? Umejifunga goli mwenyewe.

Msafiri255: Nyinyi wa visiwani mkiguswa kidogo tu ni matusi.

Bint Mkunazini: Tusi lipi? Lionyeshe.

Mke wa Mngazija: Jamani, mimi nina mtoto anayeingia sekondari Septemba. Wifi kaandika barua kwa mkuu wa shule, kajibiwa kwamba wanaangalia "nia ya mvaaji". Nia ya mtoto wa miaka kumi na mitatu wanaisomaje?

Mzee wa Kinondoni: Mpeleke shule binafsi, shemeji. Huko marufuku hiyo haifiki.

Wakili Njaa: Kweli haifiki, ila nyingi ni za Kikatoliki. Yaani binti wa Kiislamu akavae hijabu chini ya msalaba, kwa sababu shule ya serikali isiyo na dini haimtaki. Mzee, hilo nalo ni la kufumba jicho?

Mzee wa Kinondoni: Nimekaa Unguja miaka ya tisini nikijenga hoteli za watu, Ramadhani nzima fundi na saidia wake tunakula chooni kama wezi. Usinifundishe kufumba jicho.

Bint Mkunazini: Ungekula kambini. Wenzako wote walikuwa wakila kambini, wakipikiwa.

Mzee wa Kinondoni: Kambi gani? Taja hoteli yenye kambi.

Bint Mkunazini: Wewe ndiye uliyejenga, utaje wewe.