Mrejesho: zile nyuzi zetu zilizokuwa zinachuja rangi

Assalam alaykum wapenzi, mwezi ulopita niliuliza kwa nini nyuzi za pamba tulizotia rangi kwa manjano ya kupikia na mashoga zangu hapa Wete, Pemba, zinachuja kila tukizifua. Shukran sana mlonijibu, nyote nimewasoma.

Tulifuata ya yule dada alosema tuzichemshe kwanza na sabuni zitoke mafuta, halafu zilale usiku kucha kwenye maji ya shabu (yale mawe meupe ya kushikisha rangi) ndo zitiwe rangi. Juzi tukakaa wanne uani kwa mama, sufuria moja la manjano, jengine la magome ya mkandaa (aina ya mkoko), na wallahi uzi wa mkandaa umetoka hudhurungi imeiva kama chai ya rangi, nimeufua mara tatu maji bado meupe, mama kaushika hataki kuurudisha!

Manjano ndo nusu nusu, kwenye maji haichuji tena lakini siku mbili za jua imepauka, kwa hivyo anikeni kivulini. Na miyaa (majani ya kusukia mikeka) tuliyoitia rangi ikiwa imefungwa matita ya kukaza imebaki na mabaka meupe pale penye kamba, bora kulegeza.

Yule alosema chumvi peke yake inatosha, samahani ndugu yangu, kwetu haikushika.