Kigoma–Dar saa moja na dakika 20? Mmeipima kwa rula!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita nilifiwa na shangazi yangu Bagamoyo. Taarifa ilinikuta Ujiji, usiku. Wazee wakasema watamstiri kesho yake baada ya alasiri, je, nitawahi? Nikampigia wakala wa tiketi. Ndege ipo, saa sita mchana. Inatumia muda gani? Kijana akachungulia simu yake: "Mzee, ni kilomita 1,077, saa moja na dakika 20 tu." Nikajipigia hesabu: saa saba na nusu niko Dar, saa kumi niko Bagamoyo. Nikawaambia wazee wanisubiri.

Kilomita sina ugomvi nazo. Ule muda ndio nauliza umetoka wapi! Gawanya mwenyewe, utapata kama kilomita 800 kwa saa. Hiyo ni spidi ya jeti. Sisi tulipanda mapangaboi, Q400, ambayo ikijikaza sana haifiki 670 kwa saa, na hapo ni ikiwa imeshatulia huko juu. Kupanda je? Kushuka je? Kuzunguka uwanjani kabla ya kuruka je? Wanachora mstari kwenye ramani, wanagawa kwa spidi ya ndege ambayo hata hatujaiona, basi.

Na kumbe inapitia Tabora! Hapa ndipo wanapokufunga kamba vizuri, maana Tabora iko karibu kabisa na huo mstari wao. Ukipitia pale hata kilomita kumi haziongezeki. Kwa hiyo umbali uleule, ila mnashuka, mlango unafunguliwa, watu wanatoka na mabegi, wengine wanaingia, mizigo, mafuta, mkanda, mnapanda upya. Nimekaa pale naangalia saa mpaka jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Msiniambie tiketi huandikwa muda wa kufika. Tiketi nilitumiwa asubuhi, wakati wazee nimeshawajibu.

Treni ya reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar, lakini hakuna anayekudanganya. Unajua kabisa unalala njiani, unabeba shuka na maji yako.

Tumetua Dar saa tisa. Kusubiri begi, foleni ya Tegeta, Bunju, naingia Bagamoyo saa kumi na moja na nusu. Watu walikuwa wanarudi makaburini na majembe begani. Baba mdogo akaniambia, "Tulikusubiri, mwanangu, mpaka ikabidi."

Mawakala, kama hujui ndege inapitia wapi na ni ya aina gani, sema hujui! Nimempigia yule kijana jana nimweleze. Unajua kanijibu nini?

"Lakini si mlifika salama, mzee?"